Mfumi wa Bondeni na Sindano ya Mama Mkubwa

Ukimuuliza mtu wa Ivuna, huku bondeni kwa Ziwa Rukwa, nguo ya asili ya mwanamke wa kwao ni ipi, atakuonyesha kitenge. Ana haki yake. Kitenge kimekwenda naye harusini, msibani, kanisani na shambani, na hakuna anayembeba mtoto mgongoni akawaza kwamba kitambaa kile kimetoka mbali. Michoro yake ilianzia Java. Waholanzi wakaiiga kwa mashine, kampuni ya Vlisco ikiwa mjini Helmond tangu 1846. Na vingi vinavyotandazwa leo kwenye vibanda vya Tunduma vimechapwa China, au vimezungukia Kongo na Zambia vikavukia Nakonde. Nguo husafiri, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Kinachonishughulisha ni kwamba upande huu ulikuwa na nguo yake, kuanzia mbegu ya pamba mpaka pindo, na imepotea kiasi kwamba hatuikumbuki hata kuililia.

Nchi zilizolizunguka Ziwa Rukwa zilijulikana kwa ufumaji kabla ya ukoloni, Ufipa zaidi ya kwingine. Livingstone alipopita Ufipa mwaka 1872, miezi michache kabla ya kifo chake, aliiona pamba ikilimwa. Joseph Thomson, Mskoti aliyeliona Ziwa Rukwa mwaka 1880 akiwa juu ya milima, naye aliwakuta watu wamevaa nguo za kufumwa nyumbani. Ilikuwa nguo nzito, nyeupe, mara nyingine yenye mistari myeusi, na ilidumu. Sisi wa Ivuna tulikuwa na kitu kingine cha kuwavuta watu: chumvi. Maji ya chumvi yanachuruzika kutoka ardhini, na watu waliuchuja udongo wake na kuuchemsha vyunguni kwa karne nyingi. Brian Fagan na John Yellen, wanaakiolojia waliochimba pale miaka ya 1960, walikuta vigae vimelaliana tabaka juu ya tabaka, vya zamani vikiwa vya karne nyingi kabla ya Mjerumani kufika. Watu walitembea kutoka mbali kuifuata chumvi ile, na hawakuja mikono mitupu. Ninapowafikiria wale wachemshaji wa chumvi, nawaona wamevaa pamba ya mfumi jirani.

Mfumi huyo alikuwa mwanamume. Hilo wengi hawalitarajii, kwa kuwa leo ukisema kufuma mtu anawaza mwanamke na kroshia. Lakini kitanda cha mfumi wa nchi hizi kilikuwa kazi ya kiume, kama uhunzi. Kililazwa chini: vigingi vinne ardhini, mtande umevutwa kati ya miti miwili, na mfumi ameketi chini karibu na udongo, akipitisha mshindio mkono kwa mkono, akiubana kwa ubao uliolainishwa kama upanga. Alifanya hivyo kiangazi, mavuno yakiwa ghalani. Nguo moja ilimla siku nyingi, na kabla yake zilikuwapo siku nyingine za kusokota uzi. Ikishaisha, aliivaa yeye, au mkewe, au ilitoka kuwa mahari, ushuru kwa mtemi, au bei ya jembe na mbuzi. Nguo ilikuwa mali hasa.

Hadithi tunayozoea kusikia ni kwamba merikani iliiua. Meli za Salem, Massachusetts, zilianza kuleta kitambaa kile Zanzibar katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara ikakipandisha bara, na kwa kuwa kilikuwa rahisi, mfumi akafunga kazi. Ni hadithi inayomridhisha mtu anayependa sababu moja kwa kila kitu. Siiamini yote. Merikani ilifika na mfumi akaendelea. Vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, 1861 hadi 1865, iliikatiza kwa muda, Uingereza na Bombay zikajaza pengo, na bado mfumi akaendelea. Kwa zaidi ya nusu karne nguo mbili zilikaa soko moja, moja nyepesi ya bei ndogo, nyingine nzito ya kudumu, na watu walijua ipi ni ya nini.

Kilichomwondoa kilimjia yeye mwenyewe zaidi kuliko kilivyoijia nguo yake. Kodi ya nyumba ya Wajerumani iliyoanza 1898 ilitaka fedha, na fedha ilikuwa kwenye mashamba ya katani na ujenzi wa reli. Waingereza walipochukua nchi, kodi ilibaki; na ajira zikaongezeka. Dhahabu ya Lupa ilivuta vijana wa kusini magharibi yote kuanzia miaka ya 1920. Migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini iliwaita wengine wavuke mpaka, na Wenela, shirika la kuandikisha vibarua wa migodi, ikawachukua waliokwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Kile kiangazi ambacho baba aliketi chini kupitisha mshindio, mwanawe alikuwa njiani na kibuyu cha maji. Alirudi na blanketi, kaptura, na pengine cherehani. Baba alipokufa hakukuwa na mtu aliyekaa naye misimu ya kutosha kujua jinsi ya kufunga mtande. Baadaye hata pamba yenyewe ilizuiwa: mikoa ya kusini iliwekwa chini ya karantini kwa hofu kwamba funza mwekundu wa vitumba angepanda hadi kwenye mashamba ya Kanda ya Ziwa. Hapo hata aliyetaka kukumbuka hakuwa na cha kusokota.

Nayasema haya yote kwa sababu ya picha. Mwaka 1992 tuzo ya Nobel ya amani ilikwenda kwa Rigoberta Menchú, mwanamke wa Kimaya wa kabila la Wakiche, kutoka Guatemala. Picha zake zikaenea dunia nzima, na katika kila moja amevaa blauzi ya nyumbani kwao iliyojaa rangi. Wanaiita huipili. Nilipoiona kwa mara ya kwanza nilidhani ni vazi la sherehe, la kuvaa mbele ya wafalme. Kumbe wanawake wa kwao huvaa hivyo kwenda sokoni kununua nyanya.

Huipili haina mkasi. Mfumaji anafuma mapande mawili au matatu, kila moja likiwa na pindo zake limekamilika kama lilivyotoka kwenye kitanda, kisha anayaunganisha ubavu kwa ubavu na kuacha nafasi ya kichwa na mikono. Kitanda chake ni vijiti vichache. Ncha moja ya mtande inafungwa kwenye mti au nguzo ya nyumba, ncha nyingine kwenye mkanda unaopita nyuma ya kiuno chake. Akiegemea nyuma, uzi unakaza. Akiinama mbele, unalegea. Mwili wake ndio nusu ya mashine. Akiitwa na mtoto, anajifungua, anavikunja vijiti na uzi wake, anaviweka juu ya dari, na kazi inamsubiri. Mgeni akiutazama urembo atasema umedarizwa, lakini mara nyingi si sindano: ni nyuzi za ziada zilizochomekwa wakati wa kufuma, ndege na almasi na farasi vikikua pamoja na kitambaa. San Antonio Aguas Calientes wana ufundi wa kufanya upande wa ndani ufanane na wa nje. Santiago Atitlán, kando ya ziwa, wao hudarizi kwa sindano, ndege wadogo wamejaa kifuani. Yucatán huko Meksiko, huipili ni nyeupe na maua ya mshono wa msalaba yamezunguka shingo na pindo. Aliyezoea huitazama blauzi akataja mji, na akiwa fundi hata umri wa mvaaji na hali ya mfuko wake.

Wahispania walifika Guatemala mwaka 1524. Walileta kodi, walileta kazi za lazima, walileta kitambaa cha nje na baadaye viwanda. Karibu kila kilichomkuta mfumi wa Rukwa kilimkuta Mmaya, tena miaka mia tatu na zaidi mapema. Mbona huipili ipo?

Jibu langu, na ni langu, linaanzia kwa nani alishika kazi. Wahispania walileta pia kitanda kikubwa cha kukanyaga kwa miguu, na kazi yake ikawa ya wanaume. Hao walifuma kitambaa kwa mita, cha kuuza, hasa cha sketi. Wanawake walibaki na vijiti vyao na mkanda kiunoni. Hawakufuma kwa ajili ya soko kwanza. Walifuma kwa ajili ya mwili fulani unaojulikana: wangu, wa binti yangu anayekua, wa mama mkwe, wa sanamu ya mtakatifu kanisani. Bei ya kitambaa cha kiwandani ikishuka, inamshinda anayeuza. Kwa mtu anayemfumia binti yake, kushuka huko hakumhusu sana, kwa sababu hakuwa anashindana. Mfumi wetu alikuwa fundi wa soko, mwenye heshima na faida yake, na faida ilipohamia Lupa naye akahama. Simlaumu. Mwenye watoto wa kulisha hakai na mtande kwa sababu ya utamaduni.

Nimewahi kumweleza haya mfanyabiashara mmoja wa vitenge pale Tunduma, mtu mwepesi wa akili, akanisikiliza huku anahesabu pesa. Alipomaliza akasema: "Kwa hiyo unasifu kazi isiyolipwa. Mwambie mkeo afanye." Nilicheka, lakini neno lile halikuondoka. Huipili nzuri huchukua miezi. Miezi hiyo ni ya mwanamke ambaye pia anasaga mahindi, anateka maji na anauguza. Tukisema imedumu kwa kuwa haikuwa na bei, tujue tunazungumzia saa za nani. Na kuna gharama nyingine iliyo mbaya zaidi. Katika vita vya Guatemala vya 1960 hadi 1996, ambavyo tume ya ukweli ilikadiria viliua au kuwapoteza watu zaidi ya 200,000, wengi wao Wamaya, blauzi iliyotangaza mji wako ilikuwa hatari kuvaa. Mji ukishatiwa alama na jeshi, nguo yake ilikuwa hati ya mashtaka. Wako wanawake waliobadili huipili wakavaa ya mji mwingine, au wakavaa gauni la dukani ili wapite. Nguo inayosema wewe ni nani haichagui inamwambia nani.

Leo shida yao inafanana na yetu ya vitenge. Michoro ya huipili inachapwa kwa mashine juu ya kitambaa cha poliesta na kuuzwa kwa bei ambayo mfumaji hawezi hata kununulia uzi. Huipili za bibi zinanunuliwa kwa bei ya kutupa, zinakatwa, zinashonwa mikoba ya watalii. Wafumaji hawakukaa kimya: mwaka 2016, wakiongozwa na chama cha wanawake cha AFEDES cha Sacatepéquez, walikwenda Mahakama ya Katiba ya Guatemala kudai michoro ilindwe kama mali ya jamii zao, na mwaka uliofuata mahakama ililitaka bunge litunge sheria. Ninawaonea wivu kwa hilo. Kwenda mahakamani kugombania nguo, lazima kwanza uwe nayo.

Na hapa ndipo nilipoanza kumtazama mama mkubwa kwa macho mengine.

Mama mkubwa anakaa Ivuna, na tangu nipate fahamu ana kitambaa mkononi. Anadarizi. Mashuka, foronya, vitambaa vya makochi, kitambaa cha meza, cha redio enzi za redio, cha televisheni enzi hizi. Ananunua tetroni nyeupe au pamba nyepesi, anachora maua kwa kaboni na kalamu, au bila kaboni kama maua ni yale anayoyajua, anabana kitambaa kati ya duara mbili, na sindano inaanza. Alijifunza shuleni, kwenye sayansikimu, na aliyemfundisha alijifunza kwa wamisionari. Kwa hiyo asili ya kazi hii, ukitaka kuwa mkali, ni sebule ya Ulaya. Sijali. Wamaya wameingiza hariri, sufu na nyuzi za rangi za dukani kwenye huipili zao, na mshono wa msalaba wa Yucatán ulivuka bahari na Wahispania, na hakuna anayethubutu kuwaambia si yao.

Niliwahi kukaa naye mchana kutwa, jua la bondeni lile linalomfanya hata kuku asitoke kivulini, nikamwangalia anavyojaza jani moja. Anaanza pembeni anaelekea kwenye mshipa wa katikati, kila uzi umelala kando ya mwenzake, hakuna unaopanda. Akikosea anafumua. Hafumui kwa hasira. Anafumua kama anayeendelea na kazi ileile. Nyuma ya kitambaa pasafi kama mbele, na mabinti anaowafundisha hupimwa kwa huko nyuma: anakigeuza kwanza, ndipo anatazama ua. Watu wa San Antonio Aguas Calientes wangeelewana naye bila mkalimani.

Kwenye kona ya shuka anaandika. Mengine ni yale ya kila nyumba: Karibu Mgeni, Usiku Mwema, Mungu ni Pendo. Lakini mashuka ya mabinti wa ukoo yana majina yao, na jina la atakayewaoa halipo, maana, kwa maneno yake, "mume anaweza kubadilika, shuka litabaki". Binti anapozaliwa, la kwanza linaanza. Siku ya kumuaga, kabla ya harusi, sanduku linafunguliwa mbele ya wanawake, na mashuka yanatolewa moja moja na kuinuliwa juu kwa vigelegele. Wanaume hatumo. Ninayajua haya kwa kusimuliwa, na kwa kelele zinazovuka ukuta.

Yule mfanyabiashara wa Tunduma anauza mashuka ya China, seti yenye foronya mbili, yenye mawaridi makubwa kuliko sahani. Kila nyumba ya ukoo wetu inayo, hata ya mama mkubwa. Ndiyo yanayolaliwa. Ya kudarizi yanatandikwa akija mgeni, akizaliwa mtoto, na kuna moja analolihifadhi kwa siku yake mwenyewe, halina maua mengi. Mashuka ya China hayajapunguza hata sindano moja mkononi mwake. Nilipomuuliza kama hayamvunji moyo, hakuelewa swali. Yale ni ya kulalia, akasema.

Kama kuna ndugu wa huipili huku kwetu, basi ndiye huyu, wala si kile kitanda cha mfumi nilichokuwa nakiomboleza. Kazi iliyobebwa na wanaume kwa ajili ya soko iliondoka na soko. Iliyokuja baadaye, tena ya kuazima, ikaangukia mikono iliyokuwa na mtu maalumu wa kumfanyia, na bado ipo, haina jumba la makumbusho wala bango barabarani. Ivuna duniani inajulikana kwa jiwe. Kimondo kilichoanguka hapa tarehe 16 Desemba 1938, gramu zipatazo 705, kimelipa jina letu kundi zima la vimondo adimu, na kipande chake kikubwa kiko London, Makumbusho ya Historia Asilia, kilikohifadhiwa kwenye hewa ya naitrojeni kisiharibiwe na unyevu. Wanasayansi walipopokea vumbi la sayari ndogo ya Ryugu lililoletwa na chombo cha Japani mwaka 2020, walililinganisha na jiwe letu. Najivunia hilo. Ila nimegundua kwamba ninaweza kumweleza mgeni habari za gramu 705 kwa urahisi kuliko habari za sanduku la mama mkubwa, na sababu ni kwamba jiwe limeandikwa na watu wengi, sanduku halijaandikwa na yeyote.

Mwenye mashaka zaidi na kazi hii isiyo na bei ni binti wa mwisho wa mama mkubwa, ambaye ana simu na ana hesabu. Alianza kupiga picha mashuka na kuyatuma kwenye makundi ya WhatsApp, na maombi yakaja, kutoka Mbeya, kutoka Vwawa, moja kutoka Dar es Salaam. Mama mkubwa alikataa kuuza. Binti akamwambia maneno karibu yaleyale ya mfanyabiashara: mama, unafanya kazi bure tangu nimezaliwa. Nyumba ikawa na ubaridi. Kila mmoja alinipigia nimwambie mwenzake, nami nilikuwa na maoni yote mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo sikumfaa mtu. Binti ana haki: saa za mama yake zina thamani, na kumwambia mtu kazi yake haina bei ni njia moja ya kutomlipa. Mama ana haki pia, kwa maana niliyokwisha kuieleza. Mfumi wa bondeni aliuza vizuri sana, na hakuacha mwanafunzi.

Walimaliza wenyewe, bila mimi. Shuka lenye jina haliuzwi, hata likitakiwa kwa bei gani. Lisilo na jina linauzwa, na bei anapanga binti, na nusu ya fedha inanunua nyuzi. Mnunuzi akitaka jina lake liandikwe, anaambiwa aje Ivuna mwenyewe, akae, ajulikane kwanza. Wa Dar es Salaam ameuliza nauli ni kiasi gani.